Bwawa tumechimba, pampu tumenunua, huduma ya kwanza je?

Wengi mlitegemea leo niendelee na somo la viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Litakuja wiki ijayo. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo halimo kwenye mpango kazi wangu, na limenikaa moyoni muda mrefu.

Miaka miwili iliyopita niliihamasisha familia moja kwenye kata ninayofanyia kazi ichimbe bwawa la samaki. Mimi ndiye niliyepima eneo, nikaonyesha mteremko na kusimamia kina: upande mmoja sentimita 80, upande wa pili mita moja na nusu. Maji yakaingia, vifaranga vya perege vikaletwa, tukapiga picha. Picha ile ipo mpaka leo kwenye taarifa yangu ya robo mwaka. Miezi minne baadaye mtoto wa jirani, wa miaka sita, alitumbukia akiwa anachota maji kwa kopo.

Nilikuwa shamba la pili, tunakagua vitunguu na mwenye shamba, tukasikia yowe. Tulipofika walikuwa wameshamtoa. Mzee mmoja alikuwa amemshika miguu, kichwa chini, anamzungusha ili maji yatoke. Kisha wakamlaza kifudifudi juu ya ndoo iliyolazwa, wakawa wanamviringisha. Mama mmoja alikuwa anamsugua nyayo huku analia. Kijana akakimbia kutafuta pikipiki, maana zahanati iko kilomita tisa.

Na mimi nilisimama. Nina stashahada ya kilimo na mifugo. Nimefundishwa kuchanja kuku, kumsaidia ng'ombe anayeshindwa kuzaa, hata kumtoa gesi ng'ombe aliyevimba tumbo. Mtoto wa binadamu aliyeacha kupumua sikujua nimfanye nini. Wote pale walinitazama mimi, "mtaalamu", nami nikawatazama wao. Alifika zahanati akiwa ameshafariki.

Hakuna anayeweza kuniapia kwamba angepona. Lakini zile dakika tulizomzungusha zilikuwa zake, na hakuna hata mmoja wetu aliyempulizia pumzi.

Tangu siku ile nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu kazini hawaupendi. Msimamo wenyewe ni huu: sisi maafisa ugani, wauza pembejeo na wafadhili wa miradi ndio tuliowaletea vijijini mabwawa, pampu za petroli, viuatilifu, mashine za kupukuchulia mahindi na za kukatakata majani. Vyote ni vizuri na vinaongeza kipato. Lakini kila kimoja kina namna yake ya kuua mtu, na hatukuwaletea elimu ya kumshika huyo mtu katika dakika kumi za kwanza. Mafunzo ya ufugaji wa samaki ya siku tatu hayana hata saa moja ya kufundisha nini kifanyike mtu akizama. Naona hilo ni kosa, na nimekuwa sehemu yake.

Utasema hiyo ni kazi ya daktari. Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini hesabu haikubali. Ubongo wa mtu ambaye hapati hewa, au ambaye moyo wake umesimama, huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Sasa jiulize, kutoka shambani kwako hadi zahanati ni dakika ngapi kwa pikipiki, ukiipata, na barabara ikiwa haijakatika kwa mvua? Daktari hata akiwa hodari namna gani atampokea mtu ambaye dakika zake zilishaisha mikononi mwako.

Tena nikwambie jambo ambalo lilinishangaza nilipoanza kusoma habari hizi. Njia ya kukandamiza kifua, ile ambayo watu wa afya wanaiita CPR, ilitokana na utafiti wa mhandisi wa umeme. Anaitwa William Kouwenhoven, alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kule Baltimore, Marekani. Utafiti wake ulianza kwa sababu mafundi wa nyaya walikuwa wanakufa kwa kupigwa shoti, na kampuni za umeme zilitaka ufumbuzi. Mwenzake Guy Knickerbocker, naye mhandisi, alikuwa anafanya majaribio kwa mbwa. Akagundua kwamba kule kubonyeza tu vile vyuma vya kushtulia moyo kifuani kunasukuma damu mwilini, hata kabla ya kuwasha umeme. Wakaungana na daktari wa upasuaji, James Jude, na mwaka 1960 wakachapisha matokeo yao. Ujumbe wao ulikuwa kwamba mtu yeyote, mahali popote, anaweza kuanza kazi hii, na kinachohitajika ni mikono miwili. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wanapasua kifua na kuuminya moyo kwa mkono.

Kwa hiyo usiniambie ni kazi ya madaktari peke yao. Toka mwanzo ilikusudiwa ifike kwa fundi wa nguzo, na kwa mimi na wewe.

Sasa inafanywaje? Nitaeleza, lakini ujue kusoma hapa hakutoshi, lazima mikono ifundishwe. Mtu ameanguka, humwelewi. Kwanza hakikisha mahali ni salama, usije ukawa wa pili. Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Hajibu? Piga kelele uitiwe watu, mlaze chali chini pagumu, si kitandani. Inua kidevu ili kichwa kirudi nyuma, kisha tazama kifua na usikilize pumzi, usizidishe sekunde kumi. Hapa wengi wanakosea: mtu ambaye moyo umesimama anaweza kukoroma au kutweta mara moja moja, kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Usisubiri.

Weka kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kandamiza kwenda chini sentimita 5 hadi 6, kisha acha kifua kirudi juu chenyewe. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mara mbili kila sekunde. Kama umefundishwa kupuliza, kila baada ya mikandamizo 30 unabana pua, unapuliza mdomoni mara mbili ukiona kifua kinapanda. Kama hujafundishwa au unaogopa, kandamiza tu bila kusimama. Mkiwa wawili mpokezane kila dakika mbili, kwa sababu unachoka upesi na mtu aliyechoka anakandamiza juujuu.

Nilipowapeleka wanakikundi wangu kwenye mafunzo, kina mama waliwazidi wanaume siku ya kwanza. Mkufunzi akashangaa. Mimi sikushangaa. Anayetwanga kisamvu na karanga tangu utotoni anajua kushusha uzito wa mwili mzima bila kukunja kiwiko, na anajua kupokezana mchi bila kupoteza mwendo. Wanaume tulikuwa tunasukuma kwa nguvu za mikono, dakika moja tu tumelowa jasho.

Kwa aliyezama kuna tofauti ambayo naomba uishike, kwa ajili ya yule mtoto. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo kwake pumzi ndiyo dawa ya kwanza. Usimning'inize, usimzungushe, usimkamue tumbo. Maji unayoyaona yanatoka mara nyingi ni ya tumboni, na ukimkamua matapishi yanaingia kwenye mapafu. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, halafu anza 30 kwa 2. Kwa mtoto mdogo kiganja kimoja kinatosha, na kifua kishuke kwa theluthi moja ya unene wake. Akirudi kupumua, mlaze ubavu, mfunike apate joto, na hospitali aende tu, hata kama ameshaanza kuomba uji.

Kuna kijana wetu mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam. Aliposikia habari za mafunzo akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba yuko tayari kutuchangishia mashine ya kushtua moyo, kama zile zinazowekwa kwenye viwanja vikubwa vya ndege. Watu wakashangilia sana. Nilijibu kwa unyenyekevu, lakini nilipinga, na bado napinga.

Mashine ile ni nzuri, nisieleweke vibaya. Kuna wakati moyo haujasimama kabisa bali unatetemeka ovyo na kushindwa kusukuma damu. Mashine inapiga shoti inayokatiza huko kutetemeka ili moyo uanze tena mapigo yake ya kawaida. Inaongea yenyewe, inakuelekeza ubandike wapi, na kama moyo hauhitaji shoti inakataa kuutoa. Mtu asiye na elimu ya afya anaweza kuitumia. Na kwa moyo wa namna hiyo, kila dakika inayopita bila mkandamizo wala shoti, nafasi ya kupona inapungua kwa takribani asilimia 7 hadi 10.

Lakini tazama kijiji chetu. Mashine itakaa ofisi ya kijiji, na ofisi inafungwa saa tisa. Betri na vibandiko vyake vina muda wa mwisho wa matumizi, nani atavinunua? Aliyeanguka yuko shambani bondeni. Na hata ikifika, lazima kuna mtu ambaye alikuwa anakandamiza kifua wakati wote ikisubiriwa, vinginevyo inamkuta marehemu. Tena wengi wanaokufa huku kwetu si wagonjwa wa moyo. Wamezama, wamevuja damu, wamekunywa sumu, wameng'atwa na nyoka. Mashine ile haizuii damu. Nikamwambia yule kijana, fedha hiyo hiyo ilipe mkufunzi aje vitongoji vyote vitano, halafu tuongee tena. Hakufurahi, ila alituma.

Tuje kwenye viuatilifu, maana hapa ndipo nyumbani kwangu na ndipo ninapoona mambo ya kusikitisha zaidi. Msimu wa nyanya mtu anapuliza tangu asubuhi akiwa na kaptula na fulana, upepo unamrudishia usoni, nozeli ikiziba anaipuliza kwa mdomo. Jioni kichwa kinamgonga, anasema ni jua. Sumu za jamii moja inayotumika sana, zinazoshambulia neva za mdudu, zinashambulia za kwako vilevile. Dalili zake ni jasho jingi, mate kumwagika, machozi, kutapika, kuharisha, misuli kuchezacheza, mboni ya jicho kuwa ndogo kama tundu la sindano, na mwisho kifua kubana na kushindwa kupumua. Mtu anaweza kuanza na mbili tatu kati ya hizo. Ukiziona kwa mtu aliyetoka kupuliza, usisubiri zitimie.

Mtoe shambani. Mvue nguo zote, nisamehe, aibu itasubiri, maana nguo iliyolowa inaendelea kumnywesha sumu kupitia ngozi. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na kucha. Wewe unayemwosha vaa glavu, au jifunge mifuko ya plastiki mikononi. Kama imeingia machoni, mimina maji safi taratibu kwa robo saa nzima bila haraka. Aliyemeza sumu usimtapishe. Inayochoma ilichoma ikishuka, itachoma ikipanda, na mwenye fahamu hafifu anaweza kuivuta kwenye mapafu.

Na maziwa? Najua nitaulizwa. Maziwa hayaui sumu. Nimewakuta watu wamemshikilia mtu ambaye hana fahamu, wanammiminia maziwa mdomoni. Wanamzamisha. Ni kuzama kule kule kwa bwawani, tofauti ni kikombe.

Kama aliyemeza sumu ameacha kupumua, kandamiza kifua bila kumpulizia mdomo kwa mdomo, sumu isije ikahamia kwako. Halafu hili ndilo naliomba kuliko yote: chupa au pakiti ya dawa iende naye hospitali. Kama huwezi kuibeba kwa usalama, ipige picha lebo yake. Kwa ile jamii niliyoitaja zipo dawa za kuipunguza makali, mojawapo ni atropini, lakini mganga anahitaji kujua ni sumu gani, maana kila jamii ina matibabu yake. Akikisia anapoteza muda.

Hapa nina neno na wewe mwenye duka la pembejeo. Najua mkulima hana fedha ya lita nzima, anataka ya shilingi elfu mbili, nawe unampimia kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Umemsaidia, ndivyo unavyoona. Lakini umempa sumu isiyo na jina. Mtoto ataiona chupa ya soda. Na siku mtu akinywa, kwa bahati mbaya au kwa sababu maisha yamemwelemea (wapo, na tusiwahukumu, tuwakimbize hospitali kama wengine), mganga atauliza ni dawa gani na hakuna atakayejibu. Kupima dawa kwenye chupa za vinywaji ni kinyume cha taratibu za viuatilifu, hilo unalijua. Basi omba kwa mawakala vifungashio vidogo, vipo. Mimi nikikukuta nitakusema, hata kama wewe ni shemeji yangu, na wasomaji wa kata yangu wanajua namsema nani.

Wanunuzi wa mahindi nao wasijifiche. Vile vidonge vya kufukizia ghala vinatoa gesi ambayo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Usilale chumba chenye magunia yaliyofukizwa, wala usimlaze kibarua humo eti alinde mali. Akikutwa amezidiwa, mtoe kwenye hewa safi na umkimbize. Zaidi ya hapo huduma ya kwanza ya kijijini haina la kufanya.

Visima navyo vina ubaya wa peke yake: kinaua mmoja, kisha kinaua waliokuja kumwokoa. Kilimo cha umwagiliaji kimetufundisha tabia mbaya ya kushusha pampu ya petroli ndani ya kisima kifupi ili ivute vizuri. Moshi wake una gesi ambayo huioni wala huinusi. Mtu anashuka kuizima, analegea, anaanguka. Kaka yake anashuka kumfuata, naye analegea. Wa tatu anashuka. Ndugu yangu, ukimwona mwenzako ameanguka kisimani, usishuke. Najua ninachokuomba ni kigumu, ni damu yako iko kule chini. Lakini ukishuka mnakuwa maiti wawili. Kwa hiyo kazi inafanywa kabla: pampu inakaa juu siku zote, na anayeshuka kisimani kwa sababu yoyote anafungwa kamba kifuani kabla hajakanyaga ngazi ya kwanza, na juu wanakuwepo watu wawili wenye nguvu ya kumvuta. Kamba ndiyo huduma ya kwanza ya kisima.

Umeme wa REA umefika, jambo la heri. Aliyenaswa usimshike. Zima swichi kubwa kwanza, ndipo umguse. Waya wa nguzoni ukikatika ukaanguka chini, kaeni mbali, wazuieni watoto, pigieni TANESCO. Na aliyepigwa shoti akawa hapumui, ndiye hasa yule ambaye Kouwenhoven alikuwa anamtafutia dawa. Kandamiza.

Mengine nitapita haraka kwa sababu mengi mnayajua, ila mnayafanya nusu. Jeraha la panga au la mashine: bonyeza moja kwa moja juu ya jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunguafungua kuchungulia. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu. Kahawa ya unga, majivu na mafuta ya taa viacheni. Aliyeungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, halafu funika kwa kitambaa safi, bila dawa ya meno wala yai. Aliyeng'atwa na nyoka, mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba, funga kiungo kwenye kijiti kisicheze kama vile amevunjika, na aende hospitali akiwa ametulia. Usikaze kamba, usichanje, usinyonye, na lile jiwe jeusi la nyoka linakupotezea muda tu. Fira wa kutema akikutemea machoni, osha kwa maji mengi papo hapo.

Sasa nije kwenye kinachotuzuia, maana si ujinga peke yake. Nilipouliza kwenye mkutano wa kikundi, bibi mmoja alisema waziwazi kilichomo vifuani: "Mtaalamu, nikimgusa akafia mikononi mwangu, si watasema mimi ndiye niliyemmaliza?" Wengine wakaitikia. Vijijini kwetu kifo kinatafutiwa mwenyewe. Kuna hofu ya polisi pia, habari za PF3, na mwanaume anaogopa kuweka mikono kifuani kwa mke wa mtu.

Hofu hizi sikuzidharau, na wewe usizidharau. Tulichofanya ni kuzipeleka mbele ya kijiji. Baada ya mafunzo, mwenyekiti aliwasimamisha wote tuliofundishwa kwenye mkutano mkuu, wanaume na wanawake, akataja majina, akasema hawa kijiji kimewatuma, watakapomgusa mtu wamemgusa kwa niaba yenu. Tukaonyesha kwenye kiroba kilichojazwa pumba namna tunavyokandamiza, ili siku mtu akiona mke wake anakandamizwa asidhani ni vita. Kuhusu PF3 tukakubaliana mgonjwa anaanza safari mara moja, na mtu mwingine ndiye anayekwenda kituo cha polisi kuifuata. Si mgonjwa anayepelekwa kuzungushwa kwa ajili ya karatasi.

Gharama? Wanakikundi 30, kila mmoja alitoa shilingi 2,000, na mfuko wa jamii wa VICOBA ukaongeza kidogo. Fedha ya yule kijana wa Dar ilikuja baadaye kwa ajili ya vitongoji vingine. Mkufunzi alikuwa wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, alikaa nasi siku mbili. Tulinunua bati la vifaa: bandeji, glavu, mkasi, sabuni, kamba nene ya mita 20. Bati linakaa kwa mama muuza duka, kwa sababu duka lake halifungwi mapema kama ofisi, na hata usiku analala humo humo.

Matokeo nitayasema yote. Mwezi wa tatu kijana alijikata paja kwa panga akisafisha shamba. Binti wa kikundi alibonyeza jeraha njia nzima mpaka kituo cha afya, amekaa nyuma kwenye pikipiki, na kijana leo analima. Mwezi wa saba mzee wetu mmoja alianguka mnadani, akaacha kupumua. Watu wanne walipokezana kumkandamiza kwa dakika 35 hadi gari lilipopatikana. Alifariki. Niliogopa sana kwenda msibani. Mwanawe mkubwa alinishika mkono, akasema, "Baba hakuachwa." Hakuna aliyelaumiwa. Baada ya arobaini mwanawe huyo alijiandikisha mafunzo.

Kwa kina mama wajawazito na watoto wachanga tayari ipo namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambao unatumia hata madereva wa jamii pale gari la wagonjwa linapokosekana. Mfumo ule ulinifundisha jambo: usafiri unapangwa kabla ya dharura. Basi kaa na bodaboda wawili watatu wa kitongoji, patana nao bei ya usiku leo, na namba zao ziandikwe kwa chaki kwenye mlango wa duka. Siku yenyewe hakuna muda wa kupatana bei.

Kwa maafisa ugani wenzangu mnaosoma hapa, sitasubiri mwongozo. Tangu mwaka jana kila shamba darasa langu linamalizika kwa saa moja ya huduma ya kwanza inayohusu kile kile tulichojifunza: somo la nyanya linaishia kwenye sumu, somo la samaki linaishia kwenye kuzama. Na sipimi tena bwawa la mtu kabla hajanionyesha miti ya kuzungushia uzio. Wawili wamenikasirikia, mmoja amechimba bila mimi.

Mvua zinakaribia, na kuanzia palizi hamtakuwa na muda. Viongozi wa vikundi na wa AMCOS mnaotaka mafunzo, pangeni siku mbili kabla ya kupanda, mniletee orodha ya watu 20 hadi 30, nusu wawe wanawake, na wawepo angalau bodaboda wawili na mwenye mashine ya kusaga. Kila mtu aje na kanga au shuka moja kuukuu. Kiroba cha pumba ninacho.